Bibi ninayemtunza anasema kesho atapimwa uzito na kufukuzwa kazi: je, ugonjwa ndio unamtungia?

*Shikamoo Daktari. Mimi ni Mtanzania, naishi Minnesota, Marekani, na kazi yangu ni kutunza wazee. Kuna bibi wa Kizungu mwenye miaka zaidi ya 90 ambaye ana demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu. Anasema alikuwa mhudumu wa ndege kuanzia 1955 hadi alipoolewa 1959, kituo chake kikiwa Chicago, na kwamba aliruka na ndege za DC-3 kisha DC-6. Mambo matatu yananitatiza. Kuna jioni anakataa kula, hasa Jumapili. Anasema kesho kuna mizani na akizidi atasimamishwa. Pia, akimwona msimamizi wetu anavua pete ya ndoa na kuificha ndani ya soksi. Na jioni huwapitia wenzake waliosinzia sebuleni, anawagusa bega na kuwapa pipi: “Amka, tunashuka.” Mwanawe anasema mama hakuwahi kuwasimulia habari za mizani wala za kuficha pete, kwa hiyo ni ugonjwa tu. Wenzangu wananiambia nimrekebishe kila anapoanza. Zaidi ya hayo hasikii vizuri, na anasema ndege ndizo zilizomharibu masikio. Je, haya yanaweza kuwa kweli? Nimjibuje?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe, kwa sababu naona unalisubiri. Mambo yote matatu anayofanya bibi huyo yalikuwa sehemu ya kazi ya mhudumu wa ndege wa Marekani katika miaka aliyokutajia. Mizani ilikuwapo. Pete zilifichwa. Abiria waliosinzia waliamshwa kabla ndege haijashuka. Kilichopotea kwake ni tarehe: anadhani yuko zamu leo. Kazi yenyewe hajaitunga.

Hapo hapo nikuonye. Kujua kwamba jambo lina asili ya kweli hakutoshi kulifanya liwe salama. Bibi wa umri huo anayekataa chakula yuko hatarini, hata kama sababu yake ni ya kweli kiasi gani. Na pipi anazowapa wenzake zinaweza kumkaba mmoja wao. Kwa hiyo twende na yote mawili, historia yake na usalama wake.

Watu wengi wakisikia “mhudumu wa ndege wa zamani” wanaona picha ya matangazo: msichana mrembo, kofia ndogo, glavu nyeupe, tabasamu. Picha hiyo ilitengenezwa na idara za mauzo. Kazi ilianza kwa sura nyingine kabisa. Tarehe 15 Mei 1930, muuguzi aliyeitwa Ellen Church alipanda ndege ya Boeing 80A ya kampuni ya Boeing Air Transport kutoka Oakland, California, kwenda Chicago. Safari ilichukua saa 20 na vituo 13 njiani. Church alikuwa amejifunza urubani na alitaka kurusha ndege. Hilo hakupewa, ndipo akapendekeza wauguzi wawekwe ndani ya ndege, kwa kuwa abiria waliogopa sana na wengi waliugua wakiwa angani. Kampuni ikaajiri wanawake wanane kwa majaribio. Masharti yao yalikuwa: awe muuguzi mwenye cheti, asiwe na mume, asizidi miaka 25, asizidi ratili 115, yaani karibu kilo 52, na urefu usizidi kama mita 1.63. Mshahara ulikuwa dola 125 kwa mwezi.

Tazama masharti hayo kwa makini, maana ndiyo yanayomsumbua bibi yako hadi leo. Mwaka 1930 sharti la uzito na urefu lilikuwa na sababu ya kiufundi. Ndege ilibeba abiria wachache, paa lilikuwa chini, na kila kilo ilihesabiwa pamoja na mafuta na mifuko ya barua. Marekani ilipoingia vitani mwishoni mwa 1941, wauguzi wakahitajika jeshini, na makampuni yakaliondoa sharti la uuguzi. Baada ya vita ndege zikawa kubwa, zenye injini nne na nguvu za kubeba watu zaidi ya 50. Sababu ya kupima uzito ikawa imekwisha. Mizani ikabaki.

Ikabaki kwa sababu sasa ilipima kitu kingine, yaani sura. Katika miaka ya 1950 mhudumu aliweza kuitwa na msimamizi kabla ya safari, akakaguliwa nywele, kucha, mshono wa soksi, na kuguswa kiunoni au nyuma kuhakikisha amevaa ile nguo ya ndani ya kubana mwili. Kisha akapanda kwenye mizani. Aliyezidi alipewa muda wa kupungua, na asipopungua alisimamishwa bila malipo. Wanawake wale walijifunza kutokula jioni kabla ya siku ya kupimwa. Na usidhani mambo haya yaliisha na bibi yako. Kampuni ya ndege ya United ilikuwa na viwango vya uzito hadi 1994, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema viwango hivyo viliwabagua wanawake, kwa kuwa wanaume walipewa nafasi kubwa zaidi.

Sasa nikuulize jambo. Umeandika kwamba anakataa kula hasa Jumapili jioni. Je, kwenye nyumba yenu wazee hawapimwi uzito Jumatatu asubuhi? Nyumba nyingi za wazee huko hupima kila wiki au kila mwezi, siku maalumu, mara nyingi kabla ya staftahi, na anayepima huja na sare, karatasi na kalamu. Angalia ratiba. Kama ni Jumatatu, basi bibi anapokwambia “kesho kuna mizani” anasema ukweli mtupu. Anajua jambo linalokuja, ila analisoma kwa macho ya mwaka 1956.

Na kama ni hivyo, suluhisho haliko kwenye kumbishia, liko kwenye ratiba. Mwombe muuguzi wenu bibi asipimwe siku ile ile na wengine wote, apimwe baada ya kula na si kabla, mtu asiyevaa sare ndiye ampeleke, na ikiwezekana apimwe akiwa ameketi kwenye kiti cha mizani ambacho hakifanani na mizani aliyoizoea. Watu wasiitangaze siku hiyo mbele yake. Lakini kupimwa kuendelee. Kwa mzee mwenye demensia uzito ni miongoni mwa dalili chache zinazotuambia mapema kwamba kuna kitu hakiendi sawa, na hatuwezi kuutupa kwa sababu unamtia hofu.

Jioni ile ya kukataa, usimwambie “hakuna mtu atakayekupima.” Kwanza si kweli, na pili hatakuamini, kwa sababu maisha yake yalimfundisha vingine. Mwambie: “Uzito wako uko sawa, nimeona kitabuni. Umeruhusiwa kula.” Kama kweli uzito wake uko sawa au uko chini, hujamdanganya. Najua kuna wataalamu wanaokubali uongo mdogo wa kumtuliza mgonjwa, na kuna wanaoukataa kabisa. Mimi natafuta kwanza sentensi iliyo ya kweli na yenye kutuliza kwa pamoja, na mara nyingi ipo ukiitafuta. Chakula nacho kigawe: vitu vidogo vya kushika kwa vidole, maziwa mazito, mayai, kidogo kidogo tangu mchana, ili Jumapili jioni akikataa mwili usikose kila kitu.

Pete sasa, maana hapa naona mwanawe ameumia. Kumwona mama akivua pete ya baba na kuitia kwenye soksi kunaweza kumfanya mtu adhani mama ameikana ndoa. Ni kinyume chake. Makampuni mengi ya ndege ya Marekani yalimtaka mhudumu awe hana mume, na siku anapoolewa kazi inakwisha. Walisema waume watalalamika, na kwamba mama wa nyumbani hawezi kulala nje ya mji. Ukitazama hesabu zao unaona jambo jingine: mfanyakazi anayeondoka baada ya miaka miwili au mitatu hapandi ngazi ya mshahara, hadai pensheni, na nafasi yake inajazwa na mwingine wa bei ya chini. Tangu 1953 American Airlines iliongeza sharti la kuondoka ukifikisha miaka 32, na kampuni nyingine zikaiga, ingawa si zote. Kama bibi atakutajia 32 siku moja, usishangae.

Kwa hiyo wako walioolewa kimya kimya. Pete waliivaa mnyororoni ndani ya blauzi, au waliiacha kwa dada, au waliificha kokote mkono wa msimamizi usikofika. Inawezekana kabisa kwamba bibi yako aliolewa kabla ya 1959, au kabla ya mwezi ule anaousema rasmi, na kwamba mumewe alilijua hilo na walilitunza wawili. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema mtoto angeweza kuishi miaka yote asisikie. Wanawake wengi wa rika lile hawakuwasimulia watoto mambo ya kukaguliwa mwili na kudanganya kazini, kwa sababu yaliwaaibisha ingawa aibu haikuwa yao. Ugonjwa unapolegeza kufuli, habari zinatoka.

Sheria ya haki za kiraia ya 1964 ndiyo iliyofungua mlango. Wahudumu walipeleka malalamiko kwa wingi, na mwaka 1968 tume ya usawa kazini ikasema masharti haya ya ndoa ni ubaguzi. Mary Sprogis, aliyefukuzwa na United mwaka 1966 kwa kuolewa, alishinda kesi yake mwaka 1971 katika mahakama ya rufaa iliyoko Chicago, mji ule ule bibi alikokuwa na kituo. Bibi alikuwa ameondoka kazini miaka 12 kabla.

Na kwa kuwa wewe ni mwanamke Mwafrika unayemhudumia, nigusie hili pia. Akikwambia hakuwahi kuruka na mwenzake mweusi, si kumbukumbu iliyopotea. Makampuni ya Marekani hayakuajiri mwanamke mweusi hata mmoja kwenye kazi hiyo hadi Ruth Carol Taylor, naye muuguzi, aliporuka na Mohawk Airlines tarehe 11 Februari 1958 kutoka Ithaca kwenda New York. Haikufika mwaka, akaondolewa. Kwa nini? Aliolewa.

Kwa pete ya bibi, fanyeni hivi. Msilazimishe airudishe kidoleni. Mpe kifuko kidogo cha kitambaa chenye kifungo, ashoneshewe ndani ya sweta, ili akiificha ijulikane ilipo na isimchubue mguu ndani ya soksi. Mwanawe akipenda, pete yenyewe aitunze yeye na mama abaki na nyingine ya bei nafuu inayofanana. Msimamizi wenu naye, kama ana moyo, anaweza kuvua ile kadi ya shingoni anapoingia chumbani kwake na kuketi chini badala ya kusimama mbele yake. Nimeona mambo madogo kama hayo yakifanya kazi kuliko dawa.

Nije kwenye “amka, tunashuka”, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndani yake kuna utaalamu wa kweli.

DC-3 ni ile Dakota ambayo wazee wa kwetu waliijua kwa East African Airways. Iliruka mara ya kwanza Desemba 1935, ilibeba abiria 21 katika mpangilio wake wa kawaida wa mwanzo, na mhudumu mmoja peke yake. Haikuwa na mashine ya kushindilia hewa ndani. Hewa ya ndani ilikuwa sawa na ya nje, kwa hiyo rubani hakuweza kupanda juu sana bila kuwaumiza watu. Kwa kawaida ilikwenda mita 3,000 au chini ya hapo, karibu nusu ya urefu wa Kilimanjaro. Huko ndiko mawingu ya mvua na joto la ardhi vinakoitikisa hewa. Ndege ya leo hupita juu ya sehemu kubwa ya mtikisiko huo. Dakota ilipita katikati yake, saa baada ya saa, na abiria wakatapika. Mhudumu aligawa mifuko ya kutapikia, akaikusanya, akafuta viti, akagawa chakula kilichofungwa kwenye masanduku, mara nyingi sahani ikiwa juu ya mto uliowekwa mapajani, yeye akiwa amesimama kwenye viatu vya visigino ndani ya chombo kinachoruka na kuzama.

Sasa masikio. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na kutoka humo mrija mwembamba unateremka hadi nyuma ya pua na koo. Ndege ikipanda, hewa ya chumbani hutanuka na kutoka yenyewe bila shida. Ikishuka, hewa ya nje inakuwa nzito zaidi na inaisukuma ngoma kuingia ndani. Ili kusawazisha, mrija lazima ufunguke, na unafunguliwa na misuli inayofanya kazi tunapomeza au kupiga miayo. Mtu aliyelala humeza mara chache sana. Ndege inateremka, yeye amesinzia, mrija umefunga, na anaamka akiwa na maumivu makali, pengine na damu nyuma ya ngoma. Ndiyo maana mhudumu alipita kwenye kiti kimoja kimoja kabla ya kushuka, akaamsha, akagawa bigijii au pipi, na kumwambia mama mwenye mtoto mchanga amnyonyeshe wakati huo.

DC-6 ilianza kubeba abiria mwaka 1947 ikiwa na hewa iliyoshindiliwa, hivyo adha hiyo ikapungua sana, ingawa haikuisha. Aliyejifunza kwenye DC-3 hakuacha mazoea yake.

Kwa hiyo bibi anapowagusa wenzake bega sebuleni anawakinga na maumivu. Anafanya uuguzi. Katika demensia sehemu ya ubongo inayoandika mambo mapya huharibika mapema, lakini yaliyorudiwa mamia ya mara katika ujana, yakakaa mikononi na miguuni, hudumu muda mrefu. Jioni nayo, mwanga ukipungua na watu wakiwa wameketi kwa safu huku vichwa vimeinama, inafanana mno na chumba cha abiria. Sioni ajabu kwamba zamu yake inaanza saa hiyo.

Wenzako wanaosema umrekebishe wana nia njema, lakini fikiria anachosikia. Mhudumu anayejua ndege inashuka na abiria wamelala, mtu anamshika mkono na kumwambia keti, hakuna ndege. Atazidi kuhangaika, kwa sababu dhamana ni yake. Wanawake hawa waliajiriwa kwa sura lakini walipofika hatarini walibaki na abiria. Mary Frances Housley, mwenye miaka 24, alikuwa mhudumu pekee kwenye DC-4 ya National Airlines iliyoteleza na kuwaka moto Philadelphia tarehe 14 Januari 1951. Aliwatoa watu kumi, akarudi ndani kumtafuta mtoto mchanga, na alikutwa amekufa akiwa naye mikononi. Huenda wahudumu wengi wa miaka ya 1950 walilijua jina hilo. Bibi yako alianza kazi miaka minne baadaye.

Basi mpe kazi. Mpe mablanketi madogo akunje na agawe. Mpe vitambaa vya mezani, magazeti. Mweleze: “Abiria wote wameshaamka, rubani anashukuru, sasa na wewe keti ufunge mkanda.” Ila pipi ziondoke mfukoni mwake leo hii, na bigijii pia. Mzee mwenye shida ya kumeza, aliyeamshwa ghafla, akitiwa kitu kigumu mdomoni anaweza kukabwa na kufa. Mwarifu muuguzi kwa maandishi kwamba jambo hili linatokea, na mjue kwa majina ni nani pale sebuleni ana shida ya kumeza. Hapa sina mjadala wa pande mbili.

Kuhusu masikio yake mwenyewe, jibu langu ni la tahadhari zaidi. Ndege za pangaboi zilikuwa na kelele kubwa sana. DC-6 ilikuwa na injini nne, kila moja na silinda 18, na ncha za mapanga zilipita karibu na ukuta wa ndege. Watu hudhani viti vya mbele siku zote vilikuwa vya wenye pesa. Zamani zile makampuni mengi yaliwaweka nyuma, mbali na mapanga, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na utulivu. Mhudumu hakuwa na mahali pa kukimbilia, alitembea ndege nzima bila kinga yoyote masikioni. Kelele ya muda mrefu inayozidi desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 8 inaua seli ndogo zenye vinyweleo ndani ya sikio, na seli hizo hazioti tena. Zinaanza kufa zile za sauti nyembamba, kwa hiyo mtu anakusikia ukiongea lakini hapati herufi kama s, f na t, na anakulaumu kwamba unamung'unya maneno.

Lakini alifanya kazi miaka minne, na si saa 8 kila siku kama mtu wa kiwandani. Madhara ya kelele kwa kawaida hayaendelei sana kelele ikishakoma. Zaidi ya miaka 60 imepita, na umri wenyewe unakula zile zile sauti nyembamba. Kwa hiyo ndege zinaweza kuwa zimemwondolea akiba ya mwanzo, na uzee ukachukua sehemu kubwa iliyobaki. Hakuna kipimo kitakachozitenganisha leo. Kwa matibabu haijalishi, maana tiba ni moja.

Anzeni na kitu rahisi: muuguzi amtazame nta ya masikio. Kwa wazee nta iliyoziba ni ya kawaida mno na huondolewa kwa dakika chache. Kisha aende kwa mtaalamu wa usikivu, apimwe. Tangu Oktoba 2022 Marekani inaruhusu kununua vifaa vya usikivu dukani bila agizo la mtaalamu, na bei ni ya chini, lakini vile ni vya watu wazima wenye upungufu mdogo au wa kati wanaoweza kuvirekebisha wenyewe. Kwa mtu mwenye demensia sivipendekezi kama hatua ya kwanza. Medicare ya kawaida, yaani bima ya afya ya serikali ya huko kwa wazee, hailipii vifaa hivi. Baadhi ya mipango ya ziada hulipia kiasi, kwa hiyo mwanawe aulize. Akikataa kuvaa kifaa, kuna kile kikuza sauti cha mkononi chenye vipokea sauti vya kichwani, ambacho unamvalisha wakati wa mazungumzo tu. Wahudumu walitumia simu ya ndani kuongea na rubani. Jaribu, huenda akakipokea vizuri kuliko kile cha sikioni.

Usikivu si jambo la pembeni kwa mgonjwa wa kumbukumbu. Asiyesikia anajaza mapengo kwa anachokijua, na anachokijua bibi ni ndege. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2023 uliona kwamba kuwapa wazee vifaa vya usikivu kulipunguza kasi ya kushuka kwa akili kwa wale waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi, ingawa kwa kundi zima tofauti haikuonekana. Kwa bibi aliyekwisha kupata demensia sikuahidi hilo. Natarajia kwamba akikusikia mahangaiko yake yatapungua, na wewe utapumua. Zima televisheni, kaa mbele yake kwenye mwanga, ongea taratibu kwa sauti nzito kidogo, wala usipige kelele.

Sasa yapo mambo ambayo haya yote niliyoandika hayayafuniki, na lazima aonwe na daktari ana kwa ana. Akipungua asilimia 5 ya uzito wake ndani ya mwezi mmoja, au 10 ndani ya miezi sita, usingoje Jumatatu nyingine. Inawezekana ni meno, kidonda mdomoni, shida ya kumeza, dawa, huzuni, au ugonjwa mwingine kabisa, na habari za mizani ya 1956 zikawa zimewapumbaza nyote. Akibadilika ghafla, ndani ya saa au siku, akasinzia kupita kawaida, akaona vitu, au akahangaika usiku mzima wakati wiki iliyopita hakuwa hivyo, huyo anahitaji kuonwa siku hiyo hiyo: mara nyingi ni maambukizi, ukosefu wa maji, au dawa mpya. Sikio likikata kusikia ghafla, hasa upande mmoja, hiyo ni dharura, dawa husaidia ikitolewa mapema. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, piga 911, namba ya dharura ya huko.

Kwa mwanawe, usiende na hukumu kwamba mama alikuwa anasema kweli na yeye alikosea. Mwombe atafute nyumbani: beji ya mabawa, picha za darasa la mafunzo, barua za kampuni, cheti cha ndoa. Tarehe ya cheti hicho na tarehe ya barua ya kuacha kazi zinaweza kumweleza zaidi kuliko mimi. Wahudumu wa zamani wa United walikuwa na umoja wao ulioitwa Clipped Wings, na kampuni nyingine zilikuwa na yao. Kama alikuwa mmoja wao, huenda yupo anayemkumbuka. Yote hayo yafanyike na familia, wewe usitafute kwa jina lake wala kumweka mtandaoni. Mimi nami nimeondoa kwenye swali lako kila kinachoweza kumtambulisha.

Hatua ya kwanza ni ratiba ya mizani. Itazame kesho, umpelekee muuguzi pamoja na tarehe za jioni alizokataa kula, umwombe aziingize kwenye mpango wake wa huduma.